Oili ya Gari la Mzee Simon

Mwezi wa Oktoba, huku Mpimbwe, jua halina huruma. Mpunga umekwisha kuvunwa, majaruba yamepasuka nyufa, na watu wanachoma mabua kusafisha mashamba kabla ya mvua. Moshi hutanda kutwa nzima. Kwa Bibi Rozalia wa Usevya, moshi huo ulikuwa adui. Alikuwa na pumu tangu ujana wake, na kila Oktoba kifua kilimbana mpaka akawa anahema kwa mabega. Siku za kawaida dawa za zahanati zilimtosha. Siku ikizidi, alihitaji kuwekewa oksijeni, na oksijeni aliipata hospitalini mjini Mpanda, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama, safari ya saa tatu.

Mara tatu alipelekwa huko akiwa hoi bin taaban, na mara zote tatu alirudi akitembea kwa miguu yake. Aliyempeleka ni mumewe, marehemu Mzee Simon, katekista, kwa Vokswageni kuukuu iliyoachwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Ni lile gari lenye mgongo wa kobe na injini nyuma, na watu wa Usevya waliliita hivyo hivyo, Kobe. Kila mwaka baada ya kuuza mpunga, Mzee Simon alikwenda nalo Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, kwenye duka la Mzee Amri. Hapo alinunua oili nzito, namba arobaini. Hakuwahi kubadili duka wala kubadili oili, hadi alipofariki.

Kobe likawa la Damiano, mwanawe wa pekee. Damiano hakuwa mtu mbaya, na mtu asimpakazie. Alimpenda mama yake kama mboni ya jicho. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu kikiwa kipya, kwake kilikuwa bora. Simu mpya, jembe jipya, hata mbegu ambayo jirani hajaijaribu, yeye aliikimbilia akiwa wa kwanza.

Mwaka huo alikwenda Kashaulili kubadilisha oili.

"Shikamoo, Mzee Amri."

"Marahaba, mwana wa Simon. Mama anapumua vizuri?"

"Anaendelea, mzee. Nimekuja kuchukua oili."

Mzee Amri akainama, akatoa galoni lililoingia vumbi mabegani. Damiano akalitazama kama mtu aliyepewa kiporo ugenini. Rafuni mbele yake kulikuwa na chupa mpya za rangi ya dhahabu. Akaomba zote mbili zifunguliwe. Halafu akafanya kile ambacho nyumbani kwao walifanya kila siku, maana mkewe Josefina aliuza mawese sokoni. Kwa mawese, mtu huchovya kidole, akasugua na dole gumba. Yakiteleza kwa wepesi ni safi. Yakinata, yana mashapo na mnunuzi anaondoka. Damiano akaisugua oili ya Kobe namna ile ile. Ya dhahabu iliteleza. Namba arobaini ikanata.

"Mzee, hii yako imechoka," akasema. "Nipe hii nyepesi."

"Haijachoka, mwanangu. Ndivyo ilivyo. Hii ya dhahabu ni ya magari ya siku hizi, yenye rejeta. Gari lako halina rejeta, halina tone la maji. Linapozwa na upepo, na oili hii ndiyo inayobeba joto la ndani. Likipigwa na jua letu, oili nyepesi itakuwa kama chai. Vyuma vitasagana."

Damiano akacheka. "Mzee wangu, sema tu mzigo umekudodea."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Amri. Alikuwa amemhudumia baba yake huyu bwana miaka thelathini bila kumuuzia hata msumari mbovu. Akafunika chupa ya dhahabu, akairudisha rafuni. "Kwa Kobe, siuzi hii. Kanunue kwingine." Damiano akavuka barabara, akaingia duka lililotazamana na lile, akanunua chupa kama zile. Huko hakuulizwa anaweka kwenye gari gani.

Tuseme ukweli, mwanzoni Kobe lilifurahisha. Asubuhi liliwaka kwa mguso mmoja, na mlio wake ukawa laini kuliko wakati wowote wa Mzee Simon. Damiano alilizungusha kijijini bila safari ya maana, akawasimamisha watu wasikilize. "Sikieni nyie, gari la kisasa hili." Watu wakampongeza, naye akavimba kichwa.

Baada ya wiki mbili, taa ndogo nyekundu ikaanza kuwaka kwenye dashibodi kila gari lilipopata moto na kusimama. Bibi Rozalia, aliyekuwa amekaa mbele wakitoka kanisani, akaiona.

"Damiano, hako ka taa kekundu, baba yako alikuwa akikaona anazima gari papo hapo. Alisema maana yake oili haisukumwi."

"Mama, ni waya tu umezeeka."

"Umemuuliza fundi?"

"Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Siku iliyofuata alifungua boneti ya nyuma, akachomoa waya wa taa ile ili isimsumbue mama yake. Taa ikanyamaza. Ndiyo busara aliyokuwa nayo: kuziba mdomo wa anayekuonya, halafu kujisifu kwamba kuna utulivu!

Alhamisi moja upepo uligeuka na moshi wa mashamba ukaingia kijijini. Hadi saa tatu asubuhi Bibi Rozalia alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Muuguzi wa zahanati alimpa alichokuwa nacho, akatikisa kichwa. "Mwahisheni Mpanda. Gari la wagonjwa limetoka na mzazi, halijarudi. Nyie si mna usafiri? Msichelewe." Wakamweka kiti cha mbele. Josefina akakaa nyuma, akimshika mabega. Damiano akakanyaga mafuta kwa imani yote, kwa kuwa gari hili lilikuwa limeishinda safari hiyo mara tatu.

Walipoingia hifadhini jua lilikuwa utosini. Mbung'o wakaanza kugonga vioo, ikabidi wavifunge, na humo ndani mkawa kama chungu kilichofunikwa. Damiano hakupunguza mwendo. Kule nyuma pakaanza mlio wa kugonga, mdogo, kisha mkubwa, kama mawe ndani ya sufuria. Aliusikia. Alitazama dashibodi, na taa ilikuwa kimya kwa kuwa waya aliuchomoa kwa mkono wake mwenyewe. Akajiambia kwamba watafika. Hawakumaliza kilomita tano. Pakalia kishindo cha chuma, magurudumu ya nyuma yakakamata, na Kobe likaburuzika hadi kando ya barabara. Injini ilikuwa imenoki, vyuma vyake vimesagana na kukwama.

Damiano akashuka, akafungua boneti, moshi ukampiga usoni. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Iliyodondoka ilikuwa nyepesi kama maji, nyeusi, ikimetameta vumbi la chuma. Akasimama nacho mkononi, mbung'o wakimuuma shingoni asiwasikie. Simu haikuwa na mtandao.

"Umezima?" mama yake akauliza kwa shida aliporudi.

"Limezimika, mama."

Bibi Rozalia hakumlaumu, na heri angemlaumu. Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Fungua."

"Mbung'o, mama."

"Waache waume."

Akafungua. Josefina alitoa kanga yake, akawa anampepea mkwewe na kufukuza wadudu kwa mkono huo huo, huku akilia bila sauti. Damiano alisimama katikati ya barabara. Zilipita saa mbili kasoro hadi lori la mahindi lilipotokea. Dereva, Callixte wa Mishamo, alishuka mbio akasaidia kumbeba mgonjwa hadi kwenye kebini. Alipopita nyuma ya Kobe aliona kile kijiti kimelala kwenye bampa, akakigusa kwa kidole.

"Ndugu yangu, hili si la upepo?" akauliza. "Umeliwekea oili gani?"

Damiano akapanda nyuma, juu ya magunia. Lori likaondoka kwa kasi yote ambayo mzigo uliruhusu. Kabla hawajafika Sitalike, kijiji kilicho mwisho wa hifadhi, mabega ya Bibi Rozalia yaliacha kupanda na kushuka. Josefina aliweka kiganja mbele ya pua ya mkwewe, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akamfunika uso kwa ile kanga.

Alizikwa Jumamosi. Kama ilivyo desturi, kabla ya jeneza kushushwa husomwa wasifu wa marehemu, na mtoto wa pekee ndiye msomaji. Karatasi iliandikwa na wanajumuiya: mahali alipozaliwa, ndoa yake, miaka yake katika kwaya. Damiano alisoma vizuri hadi mstari wa mwisho, "Marehemu alifariki kwa ugonjwa wa pumu." Hapo akaishusha karatasi. Watu wakadhani ni uchungu, Josefina akasogea kumpokea karatasi. Hakumpa.

"Hapa wameandika uongo," akasema, na sauti yake ilisikika hadi kwa waliosimama mwisho. "Pumu mama yangu aliishi nayo miaka hamsini, na gari la baba lilimfikisha hospitali kila ilipomzidi. Safari hii halikumfikisha kwa sababu niliikataa oili yake, nikaweka nyingine kwa kuwa ilikuwa mpya. Mzee Amri alinikatalia, nikamtukana. Taa iliponionya, nikaikata. Mimi ndiye niliyemuua mama yangu."

Hakuna aliyemkatiza, na hakuna aliyemwambia si kweli. Padri akainamisha kichwa, jeneza likashushwa, naye Damiano akawa wa kwanza kutupa udongo. Kwa hiyo anayetaka kujua maana ya methali asiitafute kamusini. Aende Usevya, asimame kwenye kaburi la Bibi Rozalia, kisha arudi aniambie kama walikosea waliosema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda.