Ngiri Kwenye Mlolongo wa Wenye Pembe

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, ndiyo hiyo. Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajajua hata kukohoa, wanyama wa nyika walikuwa na vyama viwili: Wenye Makucha na Wenye Pembe. Kila chama kilitoa mgombea mmoja, ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama na mpangaji wa mambo yake, kisha hao wawili wakashindania ufalme.

Mwaka huo Wenye Pembe hawakuwa na wasiwasi. Mgombea wao alishajulikana: Nyati, kama baba yake, kama babu yake. Mwenyekiti, mzee Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, alikuwa ameshaandaa hotuba ya pongezi.

Mara akatokea Ngiri, kajaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Hodi wazee. Nami nagombea."

Wakubwa wakacheka mpaka wakakohoa. "Wewe? Hiki ni chama cha pembe. Hizo zako ni meno!"

"Zimepinda, zimechongoka, zinachoma," akajibu Ngiri. "Zimetokea mlango mwingine tu."

Pofu akasogea azikague, zikamchoma pua. "Aaa! Aandikwe!"

Sasa kulikuwa na Shashi, yule ndege anayekula kupe mgongoni mwa Nyati. Huyo alijifanya bingwa wa siasa. "Ngiri atapata kura mbili," akasema, "yake na ya mkewe. Na ya mkewe nina shaka nayo."

"Kwa hiyo atashinda lini?" wakamuuliza.

"Kuku akiota meno!"

Mnacheka? Ngojeni. Nyika nzima ilikuwa na dimbwi moja tu. Wakubwa walikunywa kwanza, wakaoga, wakajigaragaza, ndipo wadogo wakaitwa: paa, digidigi, na funo. Bi Funo mwanawe aliumwa tumbo mwezi mzima kwa maji yale. Mtoto alibaki masikio na macho. Mama alikuwa na uchungu, jamani, uchungu wa mzazi asiye na la kufanya.

Ngiri akapanda kichuguu cha kwanza. "Nani hunywa mwisho?"

"Sisi!"

"Na wa mwisho hunywa nini?"

"Tope!"

"Mkinichagua mimi, mdogo anatangulia!"

Pale walikuwepo watatu, na mmoja alikuwa amelala. Akapanda kichuguu cha pili. "Nani hunywa mwisho?" "Sisi!" "Na wa mwisho hunywa nini?" "Tope!" Hapo walikuwa thelathini. Akapanda cha tatu, na kabla hajafungua mdomo nyika yote ikapiga kelele: "Tope! Tope! Tope!" Bi Funo alikuwa mbele kabisa, sauti imemkauka.

Nyati usingizi ukampaa. "Shashi, ulisema kura mbili!"

"Tulia, mkubwa. Sisi tunapiga kura kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, sivyo? Basi mwambie mwenyekiti mlolongo upangwe kule bondeni, kwenye majani marefu. Wale wafupi wataona nini? Wataona miguu yako tu. Watajipanga nyuma yako bila kujua!"

Na kweli, siku ilipofika, wadogo wakamezwa na majani. Huyu anamkanyaga yule, yule anamuuliza huyu. "Huku, huku!" Shashi akaita kutoka juu. Paa kumi wakajipanga nyuma ya miguu minne myeusi, wakidhani wamefika kwa Ngiri. Bi Funo akazunguka, akazunguka, akazunguka, machozi yakamtoka. "Mwanangu atakunywa tope mpaka lini?"

Ngiri naye alisimama peke yake upande wa pili. Akatazama nyuma: hakuna mtu. Akajisemea, "Kumbe Shashi alisema kweli. Hata mke wangu!"

Hapo Nyati akapiga chafya. Chafya ya nyati, wanangu! Ngiri akadhani amekwisha, akatimua mbio. Na ninyi mnamjua ngiri akikimbia: mkia huo juu, wima! Ukapita juu ya majani, na kile kishada cha nywele kikipepea.

"Mkia ule!" akapiga kelele Bi Funo. "Ndiye! Mfuateni!"

Wakamfuata. Wale paa kumi wakachomoka nyuma ya Nyati, wakamfuata. Mke wa Ngiri akamfuata huku akimtukana kwa kumwacha. Ngiri akisikia vishindo akazidi mbio, akazunguka bonde mara moja, mara mbili, mara ya tatu pumzi ikamwishia. Akafumba macho. "Niueni basi!"

"Tukuue? Tumepanga mstari!" wakajibu wadogo.

"Mstari unaokimbia si mstari!" Nyati akanguruma.

Pofu akashika pua yake yenye kidonda. "Desturi yetu yasema nyuma ya mgombea. Haijasema mgombea asikimbie." Akaanza kuhesabu. Nyuma ya Nyati, kumi na wawili. Nyuma ya Ngiri alihesabu mpaka akaomba kiti.

Vigelegele! Walicheza, waliimba, vumbi likafunga jua. Shashi alishahamia mgongo wa Ngiri. "Mimi nilisema tangu mwanzo," akawa anawaambia watu.

Asubuhi yake wote wakaenda dimbwini. Maji yametulia, meupe. Ngiri akayaona, akasahau yote. Tope la chini likamwita, nanyi mnajua ngiri na tope. Akainua mguu aingie.

"Mheshimiwa." Alikuwa Bi Funo, na mwanawe ubavuni.

"Naam, Bi Funo?"

"Wewe sasa ni mkubwa. Nyuma."

Nyati akakodoa macho. Ngiri akatazama maji, akamtazama mtoto, akashusha mguu. Akaenda akasimama mwisho, nyuma ya Nyati.

Mtoto wa Funo akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Zamu ya Ngiri ilipofika jua lilikuwa utosini, na maji yalikuwa tope tupu. Akalinywa lote, huku akicheka.

Hadithi yangu imeishia hapo dimbwini. Mwenye kiu akapange mstari.