Chumvi ya Meli Mbovu

Ukame ule ulifukuza hata mbu. Mahindi yalibaki kwa Nyani peke yake, ng'ambo ya ziwa, naye hakupokea kitu ila chumvi.

Katikati ya ziwa palikuwa na meli kuukuu iliyopanda mwamba enzi za mababu. Ilisemekana ndani mna kasha la chumvi na mashetani wa kulilinda. Njaa ilipozidi, mashetani wakasahauliwa. Bi Nungunungu, mjane mwenye watoto watano, akapanda mgongo wa Kiboko pamoja na Sungura na Fisi. Nauli ilikuwa konzi moja ya chumvi kwa kila kibaba.

Kasha lilikuwepo. Shetani hakuonekana.

"Nagawa mimi," Fisi akasema.

"Basi utachukua mwisho," Bi Nungunungu akamkumbusha. "Mgawaji huchukua mwisho. Ndiyo desturi."

"Desturi haishibishi, mama."

Akajaza gunia lake pomoni, wenzake akawapimia vibaba viwili viwili.

"Wanangu jana walilala na maji matupu."

"Waamke wanywe mengine."

Bi Nungunungu akasimamisha miiba. Sungura akamkonyeza atulie.

"Mjomba Fisi," akasema Sungura, "kwa mzigo huo Kiboko atakukamua nauli. Halafu tutafika pamoja, tupange foleni kwa Nyani."

"Foleni na nyinyi?"

"Wewe mrefu. Maji yenyewe kutoka hapa hadi kwa Nyani yanakufika shingoni tu."

Fisi akajifunga gunia mgongoni, akaingia ziwani, kikabaki kichwa.

"Si itayeyuka?" Bi Nungunungu akanong'ona.

"Wewe unapika," Sungura akajibu. "Yeye huletewa."

Kila hatua mzigo ulipungua uzito, na Fisi akajisifu kwamba nguvu zinamwongezeka. Alikuwa wa kwanza kufika kwa Nyani, kifua mbele.

"Nipe magunia mawili ya mahindi."

Nyani akafungua gunia, akachungulia, akalikamua. "Umeniletea la kufua?"

Kiboko akawasili taratibu na abiria wake wakavu. Akapewa nauli yake, na Bi Nungunungu akaondoka na debe la mahindi. Watoto wake walikula ugali mchana huohuo, wakalalamika kwamba hauna mboga.

Fisi alibaki uani kwa Nyani, akilamba gunia.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.