Tuta la Kivulini la Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na majiko, majembe na majirani wa kugombana nao, aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Mdogo kama panya, ana mbio, na pua yake ndefu haitulii hata akiwa amelala. Aliishi na watoto wake wawili kando ya shamba la Bwana Tembo.

Sasa huyu Tembo, acheni tu! Siku ya kugawana mashamba alijichukulia pote penye jua. Bi Sange akatupiwa kijisehemu chini ya mkuyu, penye kivuli tangu asubuhi hadi jioni.

"Hapo hapaoti hata nyasi," Tembo akacheka. "Lakini kwa mwili huo, kwani wewe unakula kiasi gani?"

Bi Sange hakulia. Alikusanya majani yaliyooza, akainua tuta, akalimwagilia maji aliyooshea mchele. Akapanda mnanaa, giligilani na kotimiri. Lo! Kivuli kiliushika unyevu, na mimea ile laini ikastawi mpaka harufu yake ikavuka mto. Wanyama wakawa wanakuja kuomba majani ya kutia kwenye chai na kwenye mchuzi, na kila aliyekuja alileta mihogo au mahindi. Tuta hilo ndilo lililowalisha watoto wa Bi Sange.

Harufu ile ikaingia puani mwa Tembo. Na pua ya Tembo mnaijua ilivyo.

Thum! Thum! Thum! Huyo akaja.

"Shikamoo, Bwana Tembo," akasema Bi Sange.

Tembo hakuitikia. Hakuwahi kuitikia shikamoo ya mtu mdogo. "Kuanzia leo tuta hili ni langu."

"Lako? Mbolea ulitia wewe? Maji uliteka wewe?"

"Nikikukanyaga je?"

"Nikanyage! Halafu uwaambie wote wanaokunywa chai ya mnanaa kwamba umemkanyaga mama wa watoto kwa sababu ya majani. Sitoki!"

Tembo akapiga masikio, fyaa, fyaa. Hakupenda kusemwasemwa kijijini. "Basi tubadilishane," akanung'unika. "Chukua kile kipande changu cha migomba mizee. Sina kazi nacho."

Moyo wa Bi Sange ukaruka. Migomba ile ilikuwa imefungamana majani, na chini yake kulikuwa na kivuli tele! Lakini alinuna vilevile, maana hasira yake ilikuwa ya kweli.

"Tupande isale kwanza," akasema.

Kijijini kwao, wawili wakipanda mche wa isale mpakani mbele ya jirani, maneno yamekwisha. Atakayeung'oa anahama kijiji. Basi jirani yao Bi Kobe akaitwa, akaja polepole, na mche wa isale ukapandwa.

"Naondoka na vishina vyangu vichache," akasema Bi Sange.

"Chukua takataka zako!"

Bi Sange akajaza kikapu vishina vya mnanaa vyenye mizizi, na mbegu za giligilani na kotimiri. Kisha akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti.

"Tembo! Nakwambia mbele ya Bi Kobe, usije ukasema hukuambiwa. Siri ya tuta hili ni kivuli. Usivunje matawi ya mkuyu!"

"Ha! Ha! Haaa!" Tembo akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Shamba langu lote linataka jua, leo kijitu kama wewe ndicho cha kunifundisha kulima? Unataka mimea yangu idumae, siyo?"

"Usivunje, nasema!"

"Tazama basi!" Kra! Kraa! Puu! Matawi yakaanguka, na jua likaingia kila pembe.

"Mwenzangu," Bi Kobe akanong'ona, "si ungenyamaza tu?"

"Ningenyamaza, angeyaacha," akajibu Bi Sange, akajitwika kikapu chake na kwenda zake.

Jua lilipochoma, udongo ukapasuka. Mnanaa ukanyauka, giligilani ikatoa maua kabla haijapata majani, kotimiri ikageuka manjano. Tembo akamwaga maji kwa mkonga, shwaaa! Yakakauka akiwa bado anatazama. Na kule chini ya migomba? Kijani kitupu! Wanyama wakapita mlangoni kwa Tembo na mihogo yao, wakienda kwa Bi Sange.

Thum... thum... Safari hii alikuja taratibu.

"Shikamoo, Bi Sange."

Watoto wa Bi Sange wakazibana midomo wasicheke.

"Marahaba. Leo umejua kusalimia."

"Turudishiane mashamba."

"Sirudishi."

"Ulinidanganya!"

"Nilikwambia kweli tupu, na Bi Kobe yuko hapo. Ila nilijua kweli ikitoka kwenye kinywa kidogo wewe huitaki. Ndiyo maana niliipigia kelele."

"Nitaling'oa hilo isale!"

"Ling'oe, uhame. Nitakusaidia kufunga mizigo."

Mkonga wa Tembo ukanyooka kuelekea mpakani. Tembo akalitazama isale, akamtazama Bi Kobe, akawatazama wanyama wote waliosimama na mihogo yao. Mkonga ukarudi chini.

"Basi... nipe jani moja tu, la chai."

"Utapata," akasema Bi Sange. "Lete mihogo kama wenzako, na upange foleni. Nyuma ya Panya, pale."

Tembo akaenda kuleta mihogo, akarudi, akasimama nyuma ya Panya.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayedharau maneno ya mdogo hujidanganya mwenyewe.