Mlio na Kiti

Katika nchi ya vilima na mvua nyingi aliishi mtu aliyeitwa Mwakalobo, naye alikuwa na ndege moja ndogo na watoto wawili. Kila masika barabara ya kwenda pwani ilikatika, na mto ulipoondoka na daraja, watu wa vilima walibaki wamefungiwa kama kuku ndani ya tenga. Hapo ndipo walipomtegemea Mwakalobo. Ndege yake ilibeba wagonjwa, wanafunzi, maharusi na vifaranga, na safari moja ilibeba kengele ya kanisa, imefungwa kamba nyuma ya kiti cha rubani. Uwanja wenyewe ulikuwa wa majani. Ndege ilipokaribia kutua, jirani mmoja, Bi Subilaga, alitoka mbio na kitenge mkononi akiwafukuza ng'ombe, kisha akarudi jikoni kwake kuwachemshia abiria chai ya tangawizi.

Tumpale, binti wa Mwakalobo, aliyakumbuka hayo maisha yake yote kama mtu anavyokumbuka harufu ya nyumba aliyozaliwa. Alikumbuka jinsi mlio wa injini ulivyotangulia kuja, ukitokea nyuma ya kilima, na jinsi mama yake alivyoinua uso kutoka kwenye kinu. Alikumbuka baba yake akishuka, akivua kofia, akiwaita abiria kwa majina yao na ya baba zao. Mwisho wa uwanja baba yake alikuwa amepanda safu ya mikaratusi, ili upepo wa bondeni usiiyumbishe ndege wakati wa kutua. Miti ile ilikua pamoja na Tumpale, na alipokuwa mwanamke mzima ilikuwa imemwacha mbali sana.

Mwakalobo alipougua ugonjwa wake wa mwisho, serikali ilitoa sera mpya ya usafiri wa anga. Nchi ilikuwa inakua, na wakubwa waliona kwamba watu wake hawataendelea kusafiri kama walivyosafiri babu zao. Sera ilisema kila njia ya angani ikabidhiwe mtu atakayewahudumia watu waliopo na wale watakaokuja. Njia ya vilima na pwani wakapewa watu wa Mwakalobo peke yao, asiruhusiwe mwingine, kwa sharti kwamba wakue pamoja na wasafiri wake. Mzee akawaita wanawe kitandani. Kifua kilikuwa kimembana, akasema kidogo tu: "Njia si yetu. Tumeshikishwa." Siku chache baadaye wakamzika.

Ambakisye, mwana mkubwa, alikuwa mtu wa kutazama mbali. Alikuwa ameona viwanja vya ndege vya mataifa, vyenye ngazi zinazotembea zenyewe na sakafu unayoweza kujiona uso ndani yake. Aliporudi nyumbani na kuona majani na kinyesi cha ng'ombe, moyo wake uliona aibu. Akachukua fungu lake la urithi, akashawishi wakubwa na marafiki, akaleta ndege kubwa iliyopakwa rangi za bendera. Siku ilipotua katika mji mkuu ngoma zilipigwa, utepe ukakatwa, na wazee walilia kwa fahari. Lakini Ambakisye hakuwa ameuliza nani atapanda. Wala hakuwa amepeleka kijana hata mmoja kusomea urubani au ufundi. Marubani walikuwa wa kukodi, mafundi wa kuazima. Ndege haikuweza kutua vilimani, kwa hiyo njia aliyokabidhiwa hakuigusa. Ikawa inakwenda miji ya ng'ambo na kurudi, safu kwa safu za viti vitupu, kama ukumbi wa harusi ambayo hakuna aliyealikwa.

Tumpale alitikisa kichwa. Yeye alibaki na ndege ya baba yake, ikirushwa na rubani aliyefundishwa na mzee. Kila asubuhi aliupangusa mlango wake kwa mkono, na abiria aliwaita kwa majina ya baba zao, kama alivyoona. Watu walimsifu. Walisema, mwana mkubwa amekimbilia makuu, lakini binti amekaa na yetu. Naye maneno hayo yalimwingia, yakampoza machungu ya kufiwa.

Lakini vilima navyo havikuwa vile vya zamani. Kiwanda cha chai kilijengwa ng'ambo ya mto. Chuo kikafunguliwa. Mabinti wa vilimani wakaolewa pwani, na mama zao wakataka kwenda kuwaona wajukuu. Watu waliongezeka uwanjani kama kumbikumbi baada ya mvua, na ndege ilikuwa ile ile. Wataalamu wa wizara walipanda milimani na ramani zao. Walimwambia Tumpale, kwa upole na kwa heshima, kwamba uwanja urefushwe, ije ndege kubwa kidogo, na vijana wapelekwe shule mapema ili wasafiri watakapozidi kuwe na wa kuwarusha. Mikaratusi ingelazimika kukatwa, maana njia ya kurukia ingepita pale pale iliposimama.

Tumpale aliitazama miti. Akasema, "Baba yangu alitosheka na hii." Wageni wakanywa chai yao, wakakunja ramani, wakashuka. Jirani zake waliita huo unyenyekevu, naye akaamini ni unyenyekevu.

Ikawa macho ya Bi Subilaga yalianza kuingia ukungu. Alikuwa mjane sasa, mgongo umepinda, lakini jiko lake bado lilikuwa kando ya uwanja. Daktari aliyepita kijijini alimwambia afike hospitali ya pwani upesi, jicho bado linaokoleka. Akafunga kikapu chake, akavaa gauni la kanisani, akaja uwanjani. Ndege ilikuwa imejaa walimu wa chuo. Tumpale akamshika mkono, akamwambia, "Mama, wiki ijayo." Wiki iliyofuata alipata nafasi, lakini akaja mama na mtoto mchanga aliyechemka homa, na Bi Subilaga mwenyewe akashuka, akampisha. Safari nyingine wingu lililala juu ya vilima na ndege haikuruka kabisa. Kisha masika yakakaza, barabara ikakatika, na kila ndege ilipotua ilikuta watu wengi mno, wengine wakiwa wamelala pale pale juu ya mizigo yao. Bi Subilaga hakuwa mtu wa kusukumana. Alikaa pembeni na kikapu chake, gauni la kanisani likipauka kwa jua na mvua, na kila ndege ilipoondoka aliiaga kwa mkono kama alivyozoea.

Alipofika pwani hatimaye, daktari alimulika taa katika macho yake, kisha akaizima. Alimuuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, mbona umechelewa?"

Alirudishwa nyumbani kwa ndege ile ile. Tumpale hakwenda kumwona siku hiyo, wala iliyofuata. Alipojikaza akaenda, alimkuta ameketi mlangoni akichambua maharage kwa vidole, taratibu, akitupa mawe pembeni bila kukosea. Tumpale akapiga magoti, akamsalimu. Hakujua aanze wapi, akaanza na yale ya zamani: ng'ombe, kitenge, chai ya tangawizi, baba akishuka na kofia mkononi. Bi Subilaga alicheka kidogo, maana naye aliyapenda. Wakati huo injini ikasikika nyuma ya kilima, ikija. Wote wawili wakainua nyuso.

"Unasikia, mama?" Tumpale alisema, na machozi yalimlengalenga. "Mlio ni ule ule wa siku za baba."

Bi Subilaga aliacha kuchambua. "Mlio nausikia, mwanangu," alisema. "Lakini mimi sikuwa nangoja mlio. Nilikuwa nangoja kiti."

Hakusema kwa hasira. Aliinamia ungo wake akaendelea na kazi. Tumpale aliondoka pale akipitia uwanjani. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba watu waliosimama na mizigo hawakuwa wanaitazama ndege kwa mapenzi kama yeye. Walikuwa wanazihesabu nafasi zake kwa macho, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Alishuka hadi mji mkuu kumtafuta kaka yake. Marubani wa kukodi walikuwa wameitwa makwao, na ndege kubwa ilisimama pembeni ya uwanja, matairi yamebonyea, rangi za bendera zimebabuka kwa jua. Ambakisye alikuwa ameketi kivulini chini ya bawa lake, amekonda. Alipomwona dada yake alitaka kusimama kwa madaha ya zamani, lakini akakosa nguvu ya madaha. Tumpale akaketi naye chini. Alimsimulia habari za Bi Subilaga, asijifiche popote. Ambakisye alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaitazama ile ndege juu ya vichwa vyao, akasema polepole, "Viti vyote hivi, dada. Na yeye alikosa kimoja." Wakakaa bega kwa bega. Walikuwa hawajakaa hivyo tangu matanga ya baba yao.

Ndege kubwa ikarudishwa ilikotoka. Wakarudi nyumbani pamoja, na kazi waliyoianza haikuwa na ngoma wala utepe. Waliwaita wazee wa vijiji, wakuu wa chuo na wenye kiwanda, wakawauliza watoto wao watakuwa wangapi na watataka kwenda wapi. Walipeleka vijana shule, wengine wakarudi na wengine wakapotelea huko, wakapeleka wengine. Siku ya kurefusha uwanja, Tumpale alichukua shoka kabla ya wafanyakazi, akalitia yeye mwenyewe kwenye mkaratusi wa kwanza. Alilia akikata, na hakuna aliyemzuia. Harufu ya majani yale ilikaa vilimani hadi mvua ilipoiosha.

Miaka ikapita kabla ndege mpya haijatua, na rubani wake alikuwa mzaliwa wa pale pale. Haikuwa ndege ya ndoto ya yeyote kati yao. Ambakisye aliiona ndogo. Tumpale aliiona kubwa, na mlio wake ulikuwa mgeni masikioni mwake. Usiku alitamani ule wa kale, na aliutamani mpaka uzee wake. Mwanzoni ilijaa nusu, watu wakanong'ona. Baadaye ikajaa, na wale ndugu wawili walikuwa tayari wameketi wakiulizana juu ya ile itakayofuata. Masika yalipokuja na daraja likaondoka na maji, hakuna aliyelala juu ya mzigo wake uwanjani.

Lakini Bi Subilaga hakurudishiwa macho yake.

Nanyi mlioshikishwa njia za watu, mnapoipanga kesho yao, ni nani aliyesimama pembeni na kikapu chake ambaye hamjamwona bado?