Tangazo Lililosomwa na Watu Wote

Ndugu yangu, kabla hujaniwekea kidole gumba ukaendelea na shughuli zako, nakuomba uisome hadithi hii mpaka chini. Mimi nililetewa na shemeji yangu asubuhi, nikamjibu "nzuri sana, ubarikiwe" bila kuifungua. Jioni nilipoisoma niliona aibu peke yangu sebuleni. Utaelewa kwa nini.

Palikuwa na chuo kikuu kimoja huko bara, na ndani yake palikuwa na Idara ya Sayansi ya Kompyuta. Wanafunzi mia mbili na kumi na nne, walimu tisa, na mhudumu mmoja aliyeitwa Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu alianza kazi pale idara ikiwa na kompyuta sita, mbili zikiwa mbovu. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufungua maabara, kufagia na kufunga. Lakini alijiongezea nyingine ambayo hakutumwa na mtu. Kila habari ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, iwe matokeo, ratiba ya mitihani au taarifa kwamba mtandao umerudi, alichukua funguo zake kumi na saba zilizotungwa kwenye waya, akapita korido nzima akigonga nondo za madirisha.

"Wanangu, kuna habari ukutani. Aliyesikia amwambie aliyelala."

Na kama habari ilimhusu mtu mmoja, alimfuata mtu huyo alipo, bwenini au mgahawani, akamwambia uso kwa uso. Alifanya hivyo miaka ishirini na saba.

Kisha idara ikapata mkuu mpya, Dokta Mwaisela. Alikuwa kijana bado, hodari wa kazi yake, na wala hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza alikuta ubao wa matangazo una kioo kilichopasuka, na juu ya ratiba ya mitihani mtu amebandika tangazo la kuuza godoro. Akasikitika sana.

"Sisi ndio watu wa kompyuta," aliwaambia walimu wenzake, "na habari zetu tunazigonga kwenye nondo kama mbiu ya mgambo. Haiwezekani."

Akajifungia wiki mbili, akatengeneza mfumo mzuri. Kila tangazo likawa linaingia kwenye ukurasa wa idara na kwenye simu ya kila mmoja. Chini ya tangazo aliweka kitufe chenye neno NIMESOMA. Ukikibonyeza ndani ya saa moja, jina lako linakuwa la kijani. Ukichelewa, linakuwa jekundu, na kila Jumatatu majina mekundu yanasomwa mbele ya darasa.

Bi Mwantumu akaitwa ofisini.

"Bi Mwantumu, tunakushukuru, lakini zile kelele za funguo sasa tuziache. Mfumo unatosha."

"Sawa, Dokta," akasema, akatoka na funguo zake kimya.

Sasa hapa ndipo uwajue watu wa kompyuta. Mtu mwingine ukimwambia abonyeze kitufe kila siku, atabonyeza au atakaidi. Mtu wa kompyuta atakaa wiki nzima bila kula vizuri, akitengeneza kitu cha kumbonyezea. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Erasto Mgaya, aliandika programu ndogo kabisa. Tangazo likiingia tu, programu inabonyeza NIMESOMA yenyewe, mwenye simu akiwa anafua, anacheza mpira au anakoroma. Aliwapa marafiki watatu. Kufika wiki ya pili idara nzima walikuwa nayo, na nasikia hata walimu wawili waliiomba kwa siri.

Dokta Mwaisela alipofungua ripoti aliona kijani kitupu. Tangazo la maktaba lilisomwa na watu mia mbili na kumi na watatu ndani ya sekunde nne. Alifurahi mpaka akaichapisha ripoti na kumpelekea Mkuu wa Chuo.

"Hata msikitini na kanisani hawapati mahudhurio kama haya," alisema, na hakuwa anatania.

Ni jina moja tu lililokuwa jekundu kila wiki. Leokadia Haule, binti wa mwaka wa pili, alikuwa na simu ya kitochi isiyoweza kuweka programu yoyote. Matangazo aliyasoma jioni, kwenye kompyuta ya maabara, taratibu, mpaka mwisho. Akimaliza ndipo anabonyeza, na saa moja ilikuwa imepita zamani. Kila Jumatatu jina lake liliposomwa, darasa lilicheka.

"Leokadia, dada yangu, soma matangazo," Erasto alimtania siku moja. "Unaiaibisha idara."

Leokadia alicheka nao. Ila alianza kujiuliza, kwa sababu kila alipomuuliza mwenzake jambo lililotangazwa asubuhi, mwenzake alikuwa halijui.

Basi likaingia tangazo hili: "Alhamisi saa nane mchana, katika ukumbi wa idara, tutamuaga Bi Mwantumu anayestaafu baada ya miaka ishirini na saba. Atakabidhi funguo rasmi. Kutakuwa na pilau. Wote mnaalikwa." Likasomwa na watu mia mbili na kumi na watatu, sekunde nne.

Dokta hakufanya ubahili. Aliagiza masufuria matatu makubwa, akapanga viti mia mbili na hamsini. Alimpenda Bi Mwantumu na alitaka aondoke kwa heshima.

Bi Mwantumu naye alishona gauni jipya la kitenge, akamwalika wifi yake, Bi Mwajabu, aliyesafiri tangu alfajiri. Kuna habari kidogo hapo. Bi Mwantumu hakujaliwa mtoto, na kwa miaka mingi, kila wifi yake alipoanza kuhesabu wajukuu, yeye alikuwa akimjibu jambo moja: "Mimi ninao mia mbili kule chuoni." Leo alitaka wifi yake awaone kwa macho yake.

Saa nane ikafika. Ukumbini walikuwepo Dokta Mwaisela, walimu watatu, wapishi wawili, Bi Mwantumu na wifi yake.

Saa nane na robo, vilevile.

Saa nane na nusu, pilau ikaanza kupoa. Bi Mwantumu alikuwa amekaa kiti cha mbele, waya wa funguo mapajani, anatazama mlango. Bi Mwajabu alijaribu kunyamaza lakini hakuweza.

"Wifi, hao mia mbili wanakuja kwa zamu?"

Bi Mwantumu akatabasamu. Dokta alimwona akikunja ukingo wa kitenge kipya kwa vidole, na moyo ukamuuma. Akafungua simu, akatazama ripoti, akamwonyesha.

"Bi Mwantumu, naapa wamesoma. Ona, wote wamesoma. Isipokuwa mmoja."

Na huyo mmoja ndiye aliyeingia wakati huohuo. Leokadia alikuwa amebeba kanga iliyofungwa kwenye gazeti, na alikuwa anahema, maana alitoka kwenye mtihani wa majaribio wa Takwimu ulioanza kwa kuchelewa. Alipoona viti vitupu alisimama mlangoni.

"Leokadia?" Dokta alishangaa. "Wewe ndiye ambaye hukusoma."

"Nilisoma, Dokta. Ndiyo maana nimekuja."

Walimu wakatazamana. Mpishi mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Na wenzako?"

"Wenzangu wamewekewa programu inayowabonyezea. Ndiyo sababu nilikuandikia, Dokta."

"Uliniandikia lini?"

"Mara tatu. Mara ya mwisho Jumanne. Nilisema kwamba watu hawasomi, na nikakuomba tangazo la Bi Mwantumu ulitangaze kwa mdomo darasani. Ukanijibu palepale: 'Nimesoma ujumbe wako, asante kwa maoni.' Nikajua umelishughulikia, ndiyo nikanyamaza."

Dokta Mwaisela akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Mwanzoni mwa muhula, barua zilipomzidi, naye alikuwa ametengeneza programu yake. Kila ujumbe wa mwanafunzi ulijibiwa hivyo ndani ya sekunde mbili. Hakuwa amesoma hata mmoja.

"Bi Mwantumu," alisema mwishowe, "nimekosa. Nimekosa sana. Sijui nikwambie nini."

Bi Mwantumu alimtazama kama alivyozoea kuwatazama walioharibu kompyuta na kuogopa kusema.

"Usiniambie kitu, Dokta. Hizi funguo si bado ni zangu?"

"Ni zako mpaka utakapozikabidhi."

"Basi nimetangaza ya watu miaka ishirini na saba. Leo nitangaze ya kwangu." Akasimama, akampa wifi yake mkoba amshikie, akatoka koridoni.

Sauti ya funguo kwenye nondo ilikuwa haijasikika muhula mzima. Alianza dirisha la maabara ya kwanza, akaenda ya pili, akavuka uwanja mpaka bweni la wanaume, kisha la wanawake.

"Wanangu, kuna habari. Mama yenu anaondoka leo na pilau inapoa. Aliyesikia amwambie aliyelala."

Dokta Mwaisela alibaki amesimama dirishani. Nilichosikia ni kwamba alilia, na hakuficha. Maana miaka kumi na nne nyuma alikuwa mwanafunzi palepale, na siku ya mwisho ya muhula jina lake lilibandikwa ubaoni kwamba amepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na anatakiwa athibitishe kabla ya saa kumi. Yeye alikuwa kituo cha mabasi, tikiti mkononi. Aliyemfuata huko kwa miguu, akipita dirisha moja la basi hadi jingine na kugonga kioo kwa funguo, alikuwa Bi Mwantumu. Jambo hilo alikuwa amelisahau kabisa.

Wanafunzi walitoka kama siafu. Wengine walidhani mtandao umerudi, wakaja na kompyuta zao kwapani. Wengine walikuja na ndala mguu mmoja. Waliposikia ni nini, kila mmoja alimuuliza mwenziwe, "Anaondoka? Leo? Mbona hatukuambiwa?" Na hakuna aliyejibu, kwa kuwa kila mmoja alijua simu yake imesema nini.

Ukumbi ulijaa, viti vikaisha, watu wakakaa madirishani. Harufu ya pilau iliwaleta hata wa Idara ya Hisabati, ambao hawakualikwa, na hakuna aliyewafukuza.

Erasto Mgaya alinyoosha mkono kabla hajaulizwa.

"Dokta, ile programu ni yangu. Mama, nisamehe. Nilitangaza kwamba nimesoma habari yako wakati nacheza drafti."

"Ulishinda?" Bi Mwantumu akamuuliza.

"Nilifungwa, Mama."

"Basi umeshaadhibiwa. Chukua sahani."

Watu walicheka mpaka wapishi wakasahau kupakua. Dokta naye akasimama, akaieleza programu yake mwenyewe bila kuficha hata nukta, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Kisha akasema ana orodha ya kusoma. Darasa likajua ni majina mekundu.

"Jina jekundu ni moja. Leokadia Haule. Katika idara ya watu mia mbili na kumi na nne, huyu ndiye msomaji wetu pekee, na mimi mkuu wenu nikiwemo katika wasiosoma."

Makofi yalipigwa mpaka Leokadia akajificha nyuma ya kanga aliyokuwa amekuja nayo. Alipoifungua na kumtandia Bi Mwantumu mabegani, wa mbele waliisoma: "Wema hauozi."

Bi Mwantumu alikabidhi funguo zote kumi na saba, moja moja, akitaja kila moja inafungua wapi na ipi inahitaji kubembelezwa. Zilipoisha, aliutazama ule waya mtupu, akaufunga mkononi kama bangili. Dokta hakuziweka funguo ofisini. Alipigilia msumari kando ya ubao wa matangazo, akazitunga kwenye waya mpya na kuzitundika hapo. Mfumo haukufutwa, maana ulikuwa mzuri, ila kitufe kiliondolewa. Tangu siku ile yeyote anayeweka tangazo hushika kwanza zile funguo, akapita korido nzima. Na tangazo likimhusu mtu mmoja, humfuata mtu huyo.

Pilau iliisha. Dokta, aliyekuwa wa mwisho kupakuliwa, alipata ukoko, akaula kwa furaha.

Jioni, mawifi wawili walisindikizwa hadi kituoni na umati ulioziba barabara. Bi Mwajabu aligeuka nyuma, akajaribu kuwahesabu, akashindwa.

"Wifi," alisema, "uliniambia mia mbili. Kumbe ulikuwa unapunguza."

Ndiyo hiyo, ndugu yangu. Nimekuletea wewe, na kesho nikikutana nawe dukani nitakuuliza yule binti alileta zawadi gani. Ukitaka kumpelekea mwingine, mpelekee, lakini mpigie pia umsalimie.

Funzo: Kusema "nimesoma" si kusoma, na kusoma bila kufika hakumfuti mtu machozi; habari ya mtu ipeleke kwa moyo, na ya mwenzio ikikufikia, iitikie kwa miguu.