Tango la Bi Mize na Ulimi wa Zimwi

Wenzangu, mpo? Kama mpo sogeeni, maana hasira za Bi Mize bado hazijapoa.

Zimwi lilimmeza Vuai, mume wake, likasema, "Niletee tango lisilo chungu, nitamtapika."

Bi Mize akamenya tango, akalitia chumvi. Zimwi likatafuna, likatema. "Chungu!"

Akamenya la pili, akaliroweka majini. Zimwi likatema. "Chungu!"

La tatu akalikata kichwa, akakisugua pale pale alipokatia mpaka povu jeupe likatoka, kama alivyofundishwa na mama yake. Zimwi likatema. "Chungu!"

Muda wote huo Bi Mize hakuonja, maana kwao mgeni hula kwanza. Sasa uvumilivu ukamwisha, akaonja. Tamu!

"Kumbe uchungu uko kinywani mwako!" akafoka. "Toa ulimi!"

Zimwi likashtuka, likautoa. Akausugua kwa kile kichwa cha tango, sugua, sugua, sugua, mpaka povu likafurika na Vuai akatoka nalo, mzima, amelowa chepechepe.

Hata asante hakusema. Alichukua kipande cha tango, akatafuna, akakunja uso. "Mke wangu, mbona chungu?"

Bi Mize akakiokota tena kichwa cha tango.

"Na wewe, toa ulimi."