Mfereji wa Njaa

"Mfereji wa njaa hupasuka mwaka wa neema." Neno hili tulilisikia kwenye mazishi ya kijana mmoja wa kwetu Upareni. Alianguka shambani akiwa na nguvu zake zote, mdomo ukaenda upande, asiamke tena. Aliyelisema alikuwa mama wa marehemu mwenyewe, kwa sauti ndogo, na wanawake wazee waliokaa naye wakainamisha vichwa. Sisi vijana hatukuelewa, maana hakuna mfereji uliohusika na kifo kile. Tuliporudi nyumbani tukamwuliza bibi yetu. Alinyoosha miguu yake mkekani, akasema kwamba methali hii ilianza hivi.

Zamani, huko juu milimani, aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Mimba yake ya kwanza aliibeba kwa furaha. Mumewe alikuwa na ng'ombe wa maziwa, basi akala makande yaliyoungwa kwa samli, akala ndizi, akanawiri. Lakini siku ya kujifungua mtoto hakutoka. Mkunga wa kijiji, Bibi Nambua, alihangaika naye mpaka mtoto akafia njiani. Alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nambua alinawa mikono, akasema mtoto huyu ameuawa na chungu cha mama yake.

Nakijwa hakulisahau neno hilo. Aliposhika mimba ya pili alijiweka mikononi mwa Nambua. Desturi ya wakati ule ilijulikana: mwanamke anayeogopa kuzaa alifungiwa chungu, yaani alipunguziwa chakula ili mtoto awe mdogo, apite. Maharage alikatazwa, maziwa alikatazwa, nyama na mayai asivitazame. Asubuhi alipewa uji mwepesi wa mahindi, na jioni mboga za majani zisizo na mafuta.

Wala haukuwa mwaka wa njaa. Kihenge kilijaa. Nakijwa aliwapikia watu wa nyumba yake makande huku amegeuza uso pembeni ili harufu isimshinde. Siku moja Nambua alimkuta anakwangua ukoko wa chungu, akamuuliza mbele ya wanawake wenzake, "Mwanangu, unataka kuzaa mtoto au ndama?" Wanawake wakacheka. Nakijwa akautema ule ukoko mkononi, akawatupia kuku.

Mtoto alizaliwa upesi, kabla hata maji ya moto hayajawa tayari. Alikuwa mdogo kama hindi bichi. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasema Nakijwa amezaa kama anakohoa. Kuanzia hapo kila mwenye mimba alitaka kufungiwa chungu na Nambua. Mtoto akaitwa Mrindoko.

Alikua polepole, halafu ujana ukamjaza mwili. Ukimtazama usingejua kwamba alizaliwa akitosha kwenye kiganja. Yalikuwapo mambo madogo ambayo watu waliyaona wakayapita. Kichwa kilimuuma mara kwa mara. Jua likiwa kali alitoka damu puani. Hata akiwa amekaa tu, ungeweza kuona mshipa wa shingo yake ukidunda. Watu walisema ana damu nyingi, nao walimsifia.

Akaoa binti mmoja mpole aitwaye Namcheni. Namcheni aliposhika mimba, mvua zilikuwa zimerudi baada ya miaka ya ukame. Mahindi yalijaa, maharage yakajaa, mbuzi wakanona. Mrindoko alikula vizuri na kunenepa. Mkewe hakula. Nakijwa alikuwa amemfungia chungu mkwewe kama alivyofungiwa yeye, na alifanya hivyo kwa mapenzi, akimkumbuka yule wa kwenye migomba.

Mwaka huohuo mfereji wa kijiji ulipasuka. Maji ya mlimani yalikusanywa kwenye bwawa, ambalo kwetu huitwa ndiva, kisha yakafunguliwa yateremke kwa mfereji mpaka mashambani. Mfereji ule baba za wanakijiji waliuchimba mwaka wa njaa kuu. Hawakuwa na nguvu. Walichimba kwa kina kifupi, na kuta zake wakazijaza udongo wa juujuu badala ya kushindilia mfinyanzi na mawe. Miaka ya maji machache kasoro haikuonekana. Ndiva ilipojaa, maji yalikuja kwa nguvu, ukuta ukaachia, shamba zima la maharage likaenda na maji.

Wanaume walitoka kuuziba. Mrindoko alikuwa amebeba jiwe begani. Alilitua taratibu, akasema kichwa kinamuuma, akataka kukishika, mkono haukuinuka. Akajaribu kusema tena, maneno yakatoka kama ya mlevi. Mwenzake mmoja alicheka akidhani anatania. Walimrudisha nyumbani kwa machela ya miti, na wiki haikwisha akafa.

Kwenye matanga watu walianza kumtafuta mchawi. Jina la jirani mmoja lilikwisha tajwa, na vijana walikuwa wanamsubiri atoke nyumbani kwake. Hapo ndipo Bibi Nambua alipokuja, amezeeka sana, anatembelea fimbo. Aliingia chumbani alimokuwa Nakijwa, akakaa chini karibu naye. Hakuja na maneno ya kufariji.

"Mwanangu, waambie wasimguse yule mtu," alisema. "Hapa hakuna mchawi."

Nakijwa alimuuliza amejuaje.

"Kabla ya mwanao alianguka kijana wa mzee Senzota. Kabla yake, yule wa kule mtoni. Mdomo upande, mkono umekufa, hivyohivyo. Nimekaa nikawakumbuka walivyozaliwa. Wote niliwapokea kwa kiganja kimoja. Mama zao wote niliwafungia chungu."

Nje wanaume waliokaa kwenye moto walikuwa wanazungumza juu ya mfereji, wanabishana. Mmoja alikuwa anasema hata wauzibe mara ngapi utapasuka tena, kwa sababu ulichimbwa na njaa, na shibe ya leo haiwezi kuuchimba upya.

"Unawasikia?" Nakijwa alisema. "Na mwanangu mifereji yake ya damu ilichimbwa hivyo. Ilichimbwa na njaa, na kihenge kimejaa."

"Sikujua," Nambua alisema. "Niliona wanatoka wazima."

"Na mimi niliona hivyo."

Kwenye kona alikaa Namcheni, tumbo mbele, amepakata bakuli la uji mwepesi. Walikuwa wamemsahau.

"Na huyu wangu, mama?" aliuliza. "Nikila, atafia njiani kama yule wako wa kwanza. Nisipokula, atakuja kunifia kama baba yake. Niambie nishike lipi."

Nakijwa alisimama. Alimchukulia Namcheni lile bakuli, akaumwaga uji mlangoni, akaenda kwenye chungu cha watu wa matanga akachota makande, akayamiminia maziwa. Akamwekea mapajani.

"Kula," alisema. "Ya siku ya kuzaa tutapambana nayo siku hiyo. Mfereji wa njaa hupasuka mwaka wa neema, na mimi nimeuona ukipasuka."

Akakaa mbele yake mpaka bakuli likaisha. Namcheni alikula huku analia, na kila siku baada ya hapo alikula.

Kuzaa kwake kulikuwa kugumu. Mikono ya Nambua ilitetemeka, ikabidi Nakijwa ndiye ampokee mtoto, Nambua akimwelekeza. Mtoto wa kike alitoka amelegea, akachelewa kulia, mwishowe akalia. Namcheni alipona, lakini aliumia ndani na hakuzaa tena. Wapo waliosema bora angefungiwa chungu. Nakijwa aliwasikia, hakubishana nao.

Hasemi mtu kwamba kila anayeanguka alinyimwa tumboni, bibi alituambia. Wapo walioanguka na mama zao walishiba. Lakini Nakijwa hakutaka mwanamke mwingine auchimbe mfereji ule kwa hiari yake. Tangu siku hizo, akisikia nyumba ina mjamzito, alikwenda na kibuyu cha maziwa na maharage kwenye kikapu. Wengine walimpokea. Wengine walimfungia mlango, wakisema mwanamke aliyezika watoto wawili hana la kumfundisha mtu kuhusu uzazi. Aliviacha vitu kizingitini, akasema neno lake lilelile kwa aliye ndani, akaondoka: mfereji wa njaa hupasuka mwaka wa neema.